Hotuba juu ya Kuwafundisha Watoto Wetu Ufundi wa Umeme na Mawasiliano

Ilisomwa mbele ya waalimu na wazee wa makanisa katika siku za Yubile



Siku za Yubile ni siku za kushukuru, nazo ni siku za kuhesabu pia. Katika sheria ya Musa, Yubile ilikuwa mwaka wa kuwarudishia watu mashamba ya baba zao yaliyokuwa yamepotea, na wa kuwaacha huru waliofungwa kwa deni. Kwa hiyo haifai tuimbe na kula na kurudi majumbani mwetu, pasipo kuulizana ni urithi gani tutakaowawekea watoto wetu. Tumeombwa kunena habari ya elimu ya umeme na mawasiliano, maana yake elimu ya redio, simu, kompyuta na mitambo yote ipelekayo habari mbali, na habari ya kazi zipatikanazo katika elimu hiyo. Labda wako watakaosema, Neno hili lahusu nini na Kanisa? Nasi twajibu kwanza hilo, ndipo tuendelee.

Askofu Tozer na Dakta Steere walipofika Unguja mwaka 1864, kazi yao ilikuwa Injili. Walakini katika vitu vya kwanza walivyovitia kazini kilikuwamo kiwanda kidogo cha kupiga chapa. Vijana waliokombolewa utumwani wakafundishwa kupanga herufi za risasi moja moja, kupaka wino, na kukaza mtambo, hata vitabu vya Kiswahili vikatoka mikononi mwao. Kupiga chapa ndiyo mawasiliano ya zamani zile. Misioni haikusema, Sisi ni watu wa sala tu, mitambo na wajue wengine. Iliona ya kuwa mwenye neno jema na asiyejua ufundi wa kulipeleka, neno lake litabaki mlangoni pake. Tena katika kitabu cha Kutoka twasoma habari za Bezaleli na Oholiabu, ya kuwa akili yao ya kuchonga, kufua na kushona ilitoka kwa Mungu. Basi fundi hana haja ya kuomba radhi kwa kuingia kanisani na mikono yenye alama za kazi.

Sasa tufikiri jambo moja lililopita mbele ya milango yetu. Mwaka 1879 waya wa simu ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden, ukafika Unguja, ukaendelea Msumbiji hata Durban. Tangu siku hizo habari iliyokuwa ikichukua majuma mengi katika merikebu iliweza kufika Ulaya upesi sana. Waya ule ulikuwa wa shaba. Ilipopita miaka 130, mwaka 2009, waya mwingine ulifika Dar es Salaam na Mombasa chini ya bahari ile ile. Nao huu ndani yake ni nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, na kilichomo kipitacho ni nuru. Kwa njia ya nyuzi hizo, na za wenzake waliofuata, barua, sauti na picha zetu zaenda na kurudi ulimwenguni kote. Je! katika miaka hiyo 130, tumepata watoto wangapi katika mitaa yetu walioweza kusimama mbele ya waya ule na kueleza kilichomo? Hili ndilo swali la hotuba yetu. Mwenye kutumia kitu asichokijua hana budi kumtegemea anayekijua, na wazee walisema, Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Wengine hudhani elimu hii ni uganga wa mataifa fulani, ya kuwa haiwezi kuingia katika kichwa cha mtoto wa mkulima. Dawa ya mawazo hayo ni kujua walioianza walikuwa watu gani. Tutawataja wawili.

Wa kwanza ni Georg Simon Ohm, aliyezaliwa Erlangen, katika nchi ya Ujerumani, mwaka 1789. Baba yake alikuwa fundi wa makufuli. Mzee yule hakupata shule kubwa. Alijifunza mwenyewe, kisha akawafundisha wanawe hesabu na elimu ya maumbile nyumbani mwake. Georg akawa mwalimu wa shule huko Köln, na baada ya kazi ya darasani aliingia katika chumba cha vyombo akapima nyaya: mrefu na mfupi, mnene na mwembamba. Mwaka 1827 alitoa kitabu chake, na katika kazi hiyo ndimo ilimopatikana kanuni ambayo kila fundi wa umeme huitumia hata leo: nguvu ya msukumo wa umeme, ipimwayo kwa volti, ikigawanywa kwa uzito wa njia, upimwao kwa omu, yatoa wingi wa umeme upitao, upimwao kwa ampea. Volti 12 katika njia ya omu 6 hutoa ampea 2. Mtoto ajuaye kugawanya aweza kuifanya hesabu hiyo. Watu wengi wa nchi yake hawakumthamini upesi. Ilikuwa mwaka 1841 ndipo wataalamu wa London walipompa nishani yao kuu. Wazazi na waalimu, tazameni: baba fundi wa makufuli, na mwana mwalimu wa shule.

Wa pili ni Michael Faraday, mwana wa mhunzi, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1791. Shule yake ilikuwa ndogo sana. Alipokuwa mwenye miaka 14 aliwekwa kwa mtu wa kujalidi vitabu huko London ajifunze kazi hiyo, naye akavisoma vitabu alivyopewa kujalidi. Mwaka 1812 alipata nafasi ya kusikiliza hotuba za Humphry Davy, mtaalamu mkubwa. Akaandika kwa bidii aliyoyasikia, akayajalidi yawe kitabu, akampelekea Davy mwenyewe. Mwaka uliofuata alipewa kazi ya msaidizi. Hata mwaka 1831 akaonyesha ya kuwa sumaku ikisogezwa katika mzingo wa waya, umeme huzaliwa katika waya ule. Mitambo 9 iliyowekwa katika bwawa la Julius Nyerere juu ya mto Rufiji, kila mmoja wa megawati 235, yafanya jambo lile lile, kwa ukubwa mwingine. Naye Faraday alikuwa Mkristo mwenye bidii, mzee wa kanisa lake, wala elimu yake haikumtoa katika sala.

Baada yao James Clerk Maxwell alionyesha kwa hesabu, mwaka 1865, ya kuwa umeme na sumaku huweza kwenda pamoja kama mawimbi, kwa mwendo wa nuru, yapata kilomita 300,000 kwa nukta moja. Heinrich Hertz akayapata mawimbi hayo kwa vyombo kati ya miaka 1887 na 1888. Guglielmo Marconi akayafanya yachukue habari, na mwaka 1901 alama ya herufi moja ilisikiwa ng'ambo ya bahari ya Atlantiki pasipo waya wo wote. Zamani zile zile, huko Brazil, padre mmoja wa Kanisa la Roma, Roberto Landell de Moura, alikuwa akijaribu kupeleka sauti ya mtu hewani, akaonyesha kazi yake mbele ya watu katika mji wa São Paulo mwaka 1900. Hivyo mwanzo wa elimu hii ulikuwamo na wana wa mafundi, na waalimu wa shule, na mapadre. Hakuna mlango wa ukabila wala wa utajiri uliofungwa juu yake na Muumba.

Redio za kwanza zilikuwa na taa za kioo ndani yake, zenye kupata moto, zenye kuvunjika upesi, na zenye kula umeme mwingi. Mwezi wa Desemba mwaka 1947, huko Marekani, watu watatu, John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley, waliipata transista. Hiki ni kipande kidogo cha kitu kilicho kati ya chuma kipitishacho umeme na kioo kisichopitisha. Umeme kidogo uingiapo mahali pamoja hutawala umeme mwingi upitao mahali pengine, kama vile mtoto afunguapo mlango wa mfereji na maji ya shamba zima yakapita. Kwa kitu hiki redio ikawa ndogo, ikatumia betri chache, ikaweza kufika kijijini kusiko na umeme. Mwaka 1958 Jack Kilby akaonyesha jinsi ya kuviweka vipande vingi pamoja katika kipande kimoja, na leo simu iliyomo mfukoni mwa kijana ina transista zihesabiwazo kwa mamilioni ya mamilioni zikijumlishwa na za wenzake walioketi naye katika benchi moja.

Twasimulia haya kwa sababu kuna fundisho ndani yake kwa habari ya kazi. Ufundi huu hubadilika upesi kuliko ufundi wo wote mwingine. Mpiga simu wa Morse alikuwa mtu wa heshima katika merikebu na katika posta. Walakini mwaka 1999 merikebu za ulimwengu ziliacha kutegemea alama zile katika hatari za bahari, zikatumia satelaiti na redio za namna nyingine. Mwaka 2012, tarehe 31 Desemba, Tanzania ilianza kuzima mitambo ya zamani ya televisheni katika Dar es Salaam, ikaingia mitambo ya dijitali. Fundi aliyejifunza kubonyeza tu, au kubadili kipande kwa kufuata rangi yake, siku ile alibaki mikono mitupu. Lakini yule aliyejua kanuni ya Ohm, na jinsi wimbi lendavyo, na sababu ya transista kufungua na kufunga, alihitaji miezi michache tu ya kuvijua vyombo vipya. Basi twawasihi waalimu na wazazi: msiwatafutie watoto elimu ya juu juu, ile isemayo, Katika majuma sita utakuwa fundi. Mti wenye mizizi huhimili kupogolewa.

Sasa, kazi zenyewe ni zipi? Wengi wakisikia fundi wa elektroniki humfikiria kijana aketiye chini ya mwavuli sokoni akitengeneza simu. Naye tumheshimu, maana hula kwa jasho lake. Lakini shamba hili ni pana kuliko banda lile. Wako wanaounga nyuzi za kioo za mkongo wa taifa, ambao hulinganisha ncha mbili nyembamba kama unywele na kuziyeyusha kwa cheche ya umeme hata ziwe moja. Wako wapandao minara ya simu na kuilinda mitambo yake na betri zake. Wako mafundi wa mitambo ya redio na televisheni, ambao sauti yao haisikiki hewani, lakini pasipo wao mtangazaji angesema na ukuta. Wako walindao rada na redio katika viwanja vya ndege. Reli ya umeme ya kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na Dodoma ilianza kuchukua abiria mwaka 2024, nayo yataka watu wa kulinda nyaya zake, ishara zake na mawasiliano yake usiku na mchana. Tangu mwaka 2007, huko Kenya, watu walipoanza kupelekeana fedha kwa simu, na nchi zetu nyingine zikafuata, zimehitajika akili za kuandika programu na kuzilinda na wezi. Na katika hospitali mna mashine za kupima damu, za picha za mifupa, na za kumtazama mtoto angali tumboni mwa mama yake. Mashine ya namna hii ikikaa pembeni imefunikwa shuka kwa kukosa fundi, ni mama zetu waumiao. Kijana aweza kumtumikia mgonjwa kwa bisibisi na mita ya kupimia umeme, kama vile mwuguzi amtumikiavyo kwa dawa.

Njia za kufikia kazi hizi katika Tanzania ni tatu, na yafaa waalimu wazijue ili wasiwapoteze wanafunzi. Iko njia ya fundi stadi, katika vyuo vya ufundi stadi vilivyo chini ya VETA, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1994, na katika vyuo vingine vya namna hiyo. Huko mkono hufundishwa zaidi. Iko njia ya fundi sanifu: mwanafunzi aliyemaliza Kidato cha Nne na kufaulu vema, hasa katika hisabati na fizikia, husoma stashahada kwa miaka mitatu. Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam ni mahali pamoja pa namna hiyo. Asili yake ni chuo cha ufundi kilichoanzishwa mwaka 1957, na Chuo cha Ufundi Arusha ni ndugu yake mdogo. Na iko njia ya mhandisi, ambayo hupita Kidato cha Sita katika fizikia, kemia na hisabati, kisha miaka minne ya chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kuwafundisha wahandisi mwaka 1973. Tena milango kati ya njia hizi haikukazwa: fundi stadi mwenye bidii aweza kupanda hata usanifu, na fundi sanifu hata uhandisi. Mzazi asione haya mtoto wake akianzia chini. Lakini kabla ya kulipa ada, aulize kama chuo kile kimesajiliwa na baraza la serikali lisimamialo vyuo hivyo. Wapo wafanyao biashara kwa jina la kompyuta, na cheti chao kikifikishwa mbele ya mwajiri huwa karatasi tupu.

Nanyi waalimu wa shule za msingi na sekondari, msiseme, Hatuna vyombo, hatuwezi kufundisha. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted, mwalimu wa Denmark, aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya wenye umeme. Jambo hilo laweza kuonyeshwa darasani kwa dira, betri moja na waya mfupi, kwa nukta chache tu ili betri isiharibike. Zungusheni waya wenye ngozi yake juu ya msumari, mguseni betri, na msumari utaokota pini. Mkiuachia, pini zitaanguka. Watoto wataona kwa macho yao asili ya kengele, kipaza sauti na simu ya Morse. Wapeni na hesabu za nyumbani mwao. Mathalani, betri ya volti 12 iliyoandikwa ampea 100 kwa saa ina wati 1,200 za saa. Nayo ikiwa ya risasi, haifai kutumiwa kupita nusu, maana huharibika upesi. Basi zibaki 600. Taa nne za wati 5 kila moja, zikiwaka saa tano, hutumia 100. Betri hiyo yaweza kuvumilia siku sita pasipo jua. Watu wakaongeza televisheni ya wati 60 kwa saa zile zile tano, matumizi hufika 400, na siku sita huwa usiku mmoja na nusu. Mtoto aliyeifanya hesabu hii ataiokoa betri ya baba yake, na huenda na ya kanisa pia. Udongo uwahi uli maji: hamu ya elimu hii hupandwa katika miaka kumi na kumi na miwili, kabla mtoto hajaambiwa na wenzake ya kuwa hisabati ni ngumu.

Hapa twataka kusema neno juu ya binti zetu. Nje ya pwani ya Malindi palikuwa na jukwaa la Waitalia lililosimama baharini, lililoitwa San Marco. Tarehe 12 Desemba mwaka 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka pale satelaiti ya Wamarekani ya kuchungulia miali ya eksirei itokayo katika nyota, nayo ilikuwa ya kwanza ulimwenguni iliyofanywa kwa kazi hiyo peke yake. Ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Aliyeisimamia kazi ya satelaiti ile alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, mhandisi wa umeme, aliyekuwa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uhandisi katika chuo kikuu chake mwaka 1951. Basi satelaiti yenye jina la lugha yetu, iliyopaa kutoka bahari yetu, ilikuwa katika uangalizi wa mwanamke. Mzazi atakayemwambia binti yake, Waya si kazi ya wanawake, na akumbuke Malindi. Mikono iliyozoea kusuka ukili na kutunga shanga haitashindwa kutia lihamu katika kipande chembamba.

Na juu ya umaskini, twawakumbusha kijana wa Malawi, nchi ya jirani, William Kamkwamba. Njaa iliiingia nchi yao mwanzoni mwa miaka ya 2000, baba yake asiweze kulipa ada, naye akatoka shuleni akiwa na miaka 14. Akaenda katika maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe, akakuta kitabu chenye picha za vinu vya upepo. Kwa vipande vya baiskeli, miti na vyuma vilivyotupwa akajenga kinu, kikawasha taa nyumbani mwao. Baadaye alipata msaada wa masomo, akamaliza chuo kikuu huko Marekani mwaka 2014. Watu husifu akili yake, nayo yastahili sifa. Lakini tusisahau ya kuwa palikuwa na maktaba, na katika maktaba palikuwa na kitabu. Kama rafu ile ingekuwa tupu, kinu kisingalisimama. Kuijaza rafu ni kazi ya wazee, si ya mtoto.

Tena yapasa tuseme juu ya tabia ya fundi, kwani elimu pasipo uaminifu ni kisu mkononi mwa mlevi. Mtu akuleteapo simu yake umtengenezee, amekuletea barua zake, picha za watoto wake, hesabu ya fedha zake na siri ya nyumba yake. Fundi Mkristo hufunga macho yake asione lisilomhusu, na kufunga kinywa chake kwa lile aliloliona. Hachukui kipande kizima akarudisha kibovu. Hasemi mtambo umekufa ili aununue kwa bei ya bure. Hapandi nguzoni kumwunganishia jirani umeme wa wizi, kwa kuwa umeme wa nyumbani, volti 230, haubagui mwizi wala mtoto achezaye chini ya waya ule. Hachomi nyaya na mabamba ya kompyuta nyuma ya nyumba ili apate shaba, kwa kuwa moshi wake una sumu. Wala hamwagi maji makali ya betri penye bustani au kisima, kwa kuwa risasi iliyomo hudhuru akili za watoto. Mambo haya yafundishwe pamoja na hesabu, tangu siku ya kwanza, yasingoje mahubiri ya Jumapili.

Wapo wasemao, Elimu hii ndiyo iliyoleta uongo na uchafu katika simu za vijana. Afadhali tuwaepushe nayo. Twajua ubaya huo, nao watuhuzunisha. Lakini anayedanganywa upesi na chombo ni yule asiyejua jinsi kilivyofanywa. Kijana ajuaye ya kuwa picha yaweza kutungwa na mashine, na sauti ya mtu kuigwa, huuliza kabla ya kusadiki. Kumwachia simu mkononi na kumnyima elimu yake ni kumpa mtoto mtumbwi pasipo kumfundisha kuogelea.

Sasa tufike katika neno la Yubile yenyewe. Makanisa yetu mengi leo yana vipaza sauti, na vinanda vya umeme, na paneli za jua juu ya paa. Ni vitu vizuri. Lakini fyuzi ikiungua, aghalabu hutumwa mtu mjini kutafuta fundi, na ibada tatu zapita kwa kimya. Na fundi akija, nauli na ujira wake huzidi mara nyingi thamani ya fyuzi ile. Katika mikutano ya sadaka ya Yubile yamesemwa mengi: wako watakao mnara mpya, wako watakao vipaza sauti vikubwa zaidi. Sisi hatukatai mapambo ya nyumba ya Mungu. Ila twawaomba mwafikirie watoto kwanza, na shauri letu ni la mambo matatu.

La kwanza, kila mtaa na utenge meza moja katika shule au katika chumba cha kanisa, yenye mita ya kupimia, bisibisi, koleo, chuma cha kutilia lihamu, betri, na redio mbovu chache za kufunguliwa; na fundi mwaminifu wa mtaa aombwe kukaa hapo na watoto saa mbili kila Jumamosi, naye apewe posho yake. La pili, kila shule ipate rafu ya vitabu vya fizikia, hisabati na umeme, na ufunguo wake ukae kwa mwalimu apatikanaye, usikae kwa mtu asafiriye. La tatu, fungu la sadaka liwekwe kando kuwalipia ada wavulana na wasichana kwa hesabu iliyo sawa, waliofaulu na wasio na uwezo, waende katika vyuo tulivyovitaja. Nao watoe ahadi mbele ya mtaa: wakimaliza, kila mmoja atarudi majuma machache kila mwaka kuwafundisha wadogo zake katika meza ile ile. Hesabu za fungu hili zisomwe kanisani mara mbili kwa mwaka, senti kwa senti, ili pasiwe na manung'uniko.

Hatuwaahidi ya kuwa kila atakayesoma atapata kazi ya mshahara. Hakuna elimu yenye ahadi hiyo. Lakini mwenye ufundi ulio na mizizi, asipoitwa na kampuni, aweza kufungua mlango wake mwenyewe, na kijiji chake hakitakaa gizani.

Katika mfano wa talanta, Bwana wetu hakumlaumu mtumwa wa tatu kwa kuiba, bali kwa kuifukia talanta aliyopewa. Watoto wetu wamepewa akili. Tukutane baada ya ibada ya Jumapili ijayo, kila mtaa na wazee wake, tuyapime maneno haya matatu, na majibu yaandikwe na kuletwa kwa waalimu kabla sadaka ya Yubile haijagawanywa. Mungu awabariki nyote, na azibariki kazi za mikono yenu.